Nani Anashika Nywila ya Jengo?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi mliotoka kazini mkaja hapa bila hata kupita nyumbani, na ninyi vijana wa umeme na mitambo, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nieleze kwa nini soko la mifumo ya otomatiki ya majengo linapanuka duniani, na sisi wa Afrika Mashariki tunaingia wapi. Msimamo wangu nautaja mapema ili mnisikilize mkiujua. Kinachoonekana katika soko hili ni vifaa, lakini malipo yanayodumu humfuata yule mwenye uwezo wa kuingia ndani ya mfumo, kuusoma na kuurekebisha. Sisi tumekuwa tukinunua vifaa na kumwachia mwingine uwezo huo. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya ghorofa kubwa kuna chila zinazopoza maji, pampu zinazoyasukuma, mashine za hewa zenye feni na koili, dampa zinazofungua na kuziba njia za hewa, taa, lifti, jenereta, matangi ya maji, kengele za moto. Mfumo wa otomatiki, ambao mafundi wengi tunauita BMS, una tabaka tatu. Chini kabisa kuna vihisi vinavyopima joto, unyevunyevu, shinikizo na kiasi cha kaboni dioksidi, pamoja na vali na dampa zinazopokea amri. Katikati kuna kontrola, yaani kompyuta ndogo zilizofungwa ndani ya paneli, ambazo hulinganisha kilichopimwa na kinachotakiwa, kisha hutoa amri. Juu yake kuna seva na skrini ambapo msimamizi analiona jengo zima, anapanga ratiba, anasoma kumbukumbu na kupokea tahadhari. Kontrola zikiwa zimepangwa vizuri, jengo linaendelea kufanya kazi hata skrini ikizimika. Likumbukeni hilo, maana kuna wanaodhani skrini ndiyo mfumo.

Kazi hii ilianzia shuleni. Katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, mwalimu mmoja aitwaye Warren Johnson alikerwa na usumbufu wa kila siku. Ili kujua kama darasa lina joto la kutosha, mhudumu alilazimika kuingia kipindi kikiendelea, kusoma kipimajoto, kisha kushuka chini ya jengo kurekebisha dampa za hewa ya moto. Johnson akabuni kifaa cha umeme kilichopiga kengele huko chini kumwarifu mhudumu. Alipata hataza mwaka 1883, na mwaka 1885 kampuni ikaanzishwa Milwaukee, ile inayoitwa leo Johnson Controls. Mwaka huohuo huko Minneapolis, Albert Butz alikuwa na kifaa chake cha kufungua dampa ya tanuru bila mkono wa mtu, na kutoka kwenye kampuni yake ndiko ulikochimbuka ukoo wa Honeywell.

Majina hayo mawili bado yamo kileleni baada ya miaka zaidi ya 140, pamoja na Siemens ya Ujerumani na Schneider Electric ya Ufaransa. Wakubwa hawa wamekua kwa ubunifu na kwa kununua wengine. Siemens ilichukua Landis & Staefa ya Uswisi mwaka 1998. Schneider ikaichukua TAC ya Sweden mwaka 2003. Honeywell ikaichukua Tridium mwaka 2005, na Johnson Controls ikaungana na Tyco mwaka 2016. Kwa hiyo mkiona majina kumi kwenye paneli za jiji hili, msidhani ni kampuni kumi zinazoshindana.

Kwa karibu karne nzima mifumo hii iliendeshwa kwa hewa iliyobanwa kwenye mirija myembamba. Kompyuta ziliingia miaka ya 1970, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ukawalazimisha wenye majengo kuhesabu nishati kwa uchungu. Miaka ya 1980 kontrola za kidijitali zikaenea. Hapo ndipo shida niliyokuja kuisema ilipozaliwa, kwa sababu kila kampuni iliunda itifaki yake ya siri, yaani lugha ambayo vifaa vyake huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Ukinunua kontrola za kampuni moja, kihisi, programu na fundi vinatoka hukohuko. Bei ya kwanza ulishindanisha watu watano, lakini bei ya pili hadi ya ishirini ulipangiwa na mmoja.

Waliokataa hali hiyo walikuwa wanunuzi. H. Michael Newman alikuwa mhandisi wa Chuo Kikuu cha Cornell, akihudumia mifumo ya majengo ya chuo, na alitaka vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuzungumza. Mwaka 1987, chini ya chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kamati aliyoiongoza ilianza kazi katika mji wa Nashville. Iliwachukua miaka minane. Mwaka 1995 itifaki ya BACnet ikatangazwa kuwa kiwango rasmi, na mwaka 2003 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Ndani ya BACnet kila kitu kinaelezwa kwa namna moja, iwe joto la chumba au hali ya pampu. Kifaa kikiuliza mtandaoni, "Nani yupo?", vingine vyote vinajibu, "Mimi nipo," bila kujali vimetoka kiwanda gani. Ulaya nayo ilikuza KNX, inayotumika sana kwenye taa, mapazia na nyumba za kuishi, na viwandani kulikuwa na Modbus tangu 1979, ambayo hadi leo mtaikuta kwenye mita za umeme na jenereta karibu kila jengo.

Napenda mtafakari ile miaka minane. Watu walikaa kwenye vikao, wakabishana juu ya vipengele, wakaandika na kufuta, ili mnunuzi wa kesho asifungwe mikono. Sisi tumeipokea kazi hiyo bila gharama, halafu kwenye zabuni zetu tunasahau kuitaja.

Sasa soko lenyewe. Mtakutana na ripoti nyingi za makampuni ya utafiti zinazotaja thamani yake kwa mabilioni ya dola, na zinatofautiana mno, kwa kuwa moja inahesabu kontrola na vihisi pekee, nyingine inaongeza kamera na kengele za moto, nyingine inaingiza taa na mikataba ya matengenezo. Msipoteze muda kubishania namba hizo. Tazameni kinacholisukuma soko, kwa sababu sehemu kubwa yake imeandikwa kwenye sheria.

Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 yalitaka majengo yasiyo ya makazi yenye mitambo ya joto au ubaridi inayozidi kilowati 290 yawe na mfumo wa otomatiki kufikia 2025, pale inapowezekana kiufundi na kiuchumi. Maagizo mapya ya 2024 yameshusha kiwango hicho hadi kilowati 70, na mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2029. Fundi yeyote wa viyoyozi anajua maana ya kushuka huko. Kilowati 290 ni hospitali kubwa na maduka makubwa. Kilowati 70 zinaingiza shule, hoteli za wastani, na ofisi za ghorofa chache. Kwa sahihi za wabunge, bara zima limeongezewa wateja ambao juzi hawakuwa na habari na kontrola.

New York wametumia njia ya faini. Sheria ya Mji Namba 97 ya mwaka 2019 inayawekea majengo mengi yanayozidi futi za mraba 25,000 kikomo cha gesi joto, kuanzia 2024, na kila tani inayozidi inatozwa dola 268. Mwenye jengo wa Manhattan aliyekuwa akimwona mhandisi wake mara moja kwa mwaka sasa anamwita kila wiki.

Halafu kuna misukosuko. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na bei ya gesi Ulaya ikapaa, Hispania iliagiza kwamba maduka, ofisi za umma na kumbi zisipozwe chini ya nyuzi 27 wala kupashwa joto zaidi ya nyuzi 19. Mwenye matawi mia moja yaliyounganishwa alibadili ratiba mara moja kwenye skrini. Mwenye matawi mia yenye rimoti ukutani alituma watu.

Na kuna joto la dunia, ambalo linatugusa zaidi kuliko hayo yote. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba viyoyozi duniani, vilivyokuwa takriban bilioni 1.6, vinaweza kufikia bilioni 5.6 mwaka 2050, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo itatoka nchi zenye joto. Wakati huohuo, Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ambayo ni makubaliano ya kimataifa, yanapunguza hatua kwa hatua gesi za kupozea za jamii ya HFC, hivyo chila za zamani zitaondolewa, na kila chila mpya inakuja na kontrola yake ndani. Hata asiyetaka otomatiki ataletewa kwenye kreti.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jengo moja, kwa sababu hesabu zake zilitangazwa hadharani na zinafundisha kuliko matangazo ya biashara. Empire State Building ya New York, ghorofa 102, ilifunguliwa mwaka 1931. Mwaka 2009 wamiliki wake walitangaza kulikarabati kwa lengo la kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38, na kuokoa dola milioni 4.4 kila mwaka. Gharama ya nyongeza ya hatua za nishati ilikadiriwa kuwa dola milioni 13.2. Johnson Controls walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Mtu angetarajia waanze na kompyuta. Walianza na madirisha. Jengo lina madirisha 6,514. Yaling'olewa, yakapelekwa kwenye karakana iliyowekwa ndani ya jengo lenyewe, yakawekewa utando na gesi katikati ya vioo, yakarudishwa, na zaidi ya asilimia 96 ya vioo na fremu vikatumika tena. Nyuma ya radieta wakaweka vizuizi vya joto ili lisipotelee nje. Mzigo wa kupoza ukashuka kiasi kwamba chila za zamani hazikuhitaji kubadilishwa na kubwa zaidi. Zilikarabatiwa, na zaidi ya dola milioni 17 zikaokolewa kwa kutonunua mpya. Ndipo kontrola za kidijitali zikafungwa, hewa safi ikaanza kuingizwa kwa kipimo cha kaboni dioksidi badala ya kuingizwa kwa kiwango kilekile ukumbi ukiwa umejaa au mtupu, na wapangaji wakaonyeshwa matumizi yao wenyewe.

Mpangilio huo ndio elimu. Punguza mzigo, kisha weka akili ya kuusimamia uliobaki. Hapa kwetu tunajenga mnara wa vioo unaotazama jua la magharibi, bila kivuli, bila kibaraza, halafu tunauletea mfumo wa gharama kubwa upambane na joto tuliloliingiza kwa hiari. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kuta nene za mawe ya matumbawe walilishughulikia joto kabla halijafika chumbani. Kontrola haiwezi kurekebisha mchoro mbaya. Inaweza tu kukuonyesha kwa usahihi jinsi mchoro huo unavyokugharimu.

Niwape mfano wa Afrika pia. Eastgate Centre mjini Harare, Zimbabwe, ilifunguliwa mwaka 1996, na msanifu wake ni Mick Pearce. Haina kiyoyozi cha kawaida. Usiku, hewa baridi ya nyanda za juu inasukumwa na feni kupita kwenye zege zito la jengo, zege linapoa, na mchana linanyonya joto la watu na kompyuta. Vifaa si vingi. Utaalamu mkubwa uko kwenye ratiba: feni ziongezwe kasi lini, zipunguzwe lini. Ratiba hiyo haitoki kwenye kreti, inatoka kwa mtu anayeijua hewa ya Harare.

Na hapa ndipo ninapotaka wanafunzi mfungue daftari. Programu nyingi za mashine za hewa zinazoletwa kwetu zina amri inayosema hivi: hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, fungua dampa ya nje, punguza chila. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Pale amri hiyo ni fedha inayookotwa. Ichukueni programu ileile muifunge Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimekolea. Kipimajoto cha nje kinasoma nyuzi 23, kihisi kinafurahi, dampa inafunguka yote, na jengo linavuta hewa iliyolowa. Sakafu inateleza, dari inatoa madoa, kuvu inaota nyuma ya makabati, na siku inayofuata chila inafanya kazi mara mbili kuukausha unyevu iliouruhusu yenyewe. Dawa yake ni kuifanya amri isome unyevunyevu pia, au kuiondoa kabisa. Ni mistari michache ya programu. Lakini ni nani mwenye ruhusa ya kuibadili mistari hiyo?

Nimeingia vyumba vingi vya mitambo katika miji yetu. Kwenye kila paneli kuna swichi ya nafasi tatu: mkono, zima, oto. Ukitaka kujua afya ya mfumo wowote, usiombe kuonyeshwa skrini. Tembea na uhesabu swichi zilizoachwa kwenye mkono. Katika jengo moja la ofisi, ambalo sitalitaja, nilikuta zote ziko mkono, pampu zote mbili zinazunguka pamoja wakati moja ingetosha, na feni zikikesha kupoza korido zisizo na mtu. Fundi wa zamu hakuwa mzembe hata kidogo. Mfumo ulikuwa umekwama, mkandarasi alikuwa amemaliza kazi na kuondoka na nywila ya msimamizi, na wapangaji walikuwa wakilalamika joto. Alifanya alichoweza: aligeuza swichi watu wapate hewa. Mwenye jengo lile alilipia otomatiki, na kila mwezi anaulipia mkono. Amefanana na mtu aliyejenga nyumba, siku ya kuhamia akamwachia fundi funguo zote.

Hasara yake tuipime. Mwendo wa feni na nguvu inayotumia vina uhusiano wa kipeo cha tatu. Feni ya kilowati 10 ukiipunguza kasi hadi asilimia 80, haili kilowati 8. Kwa hesabu inabaki karibu kilowati 5.1. Ukiipeleka nusu ya kasi, inabaki karibu moja ya nane. Ndiyo maana kifaa cha kubadili kasi ya mota, kikiongozwa na kihisi kinachofanya kazi, hurudisha gharama haraka. Lakini swichi ikiwa mkono, mara nyingi mota inakimbia kwa asilimia mia, mchana na usiku, na kifaa kile cha bei kubwa kinabaki pambo la ukutani.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka na kwetu ni kubwa. Mteja mkubwa wa umeme, kwa TANESCO na hata Kenya Power, halipii uniti peke yake. Analipia pia kilele cha mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme alichovuta kwa wakati mmoja, kinachohesabiwa kwa kipimo cha kVA. Jengo likiachwa lipate moto usiku kucha, kisha saa 1 asubuhi chila zote zikaamshwa pamoja, mita inaandika kilele, na kilele hicho kinaingia kwenye bili hata kama siku zilizobaki mmetumia kwa adabu. Mfumo uliopangwa vizuri unaamsha chila ya kwanza mapema, ya pili baadaye, na unazuia ya tatu isipohitajika. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, mfumo huohuo unajua kipi kirudi kwanza: taa za ngazi, lifti, pampu ya maji, chumba cha seva, na chila mwishoni. Huu ndio mzigo wa kazi ambao ningeupa mfumo wowote unaofungwa Afrika Mashariki kabla sijauomba michoro ya rangi kwenye skrini. Na kontrola zenyewe ziwe na betri zake. Nimeona mahali ambapo mfumo wa kusimamia kukatika kwa umeme ulizimika umeme ulipokatika.

Sheria zetu hazijafika kwenye kilowati 70, lakini hazijalala. Kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa kukaguliwa matumizi yao ya nishati kila miaka mitatu. Mkaguzi akifika, atauliza kumbukumbu. Mfumo usiotunza kumbukumbu hauna cha kumjibu, na mmiliki asiye na nywila hawezi hata kuzitoa zilizomo.

Basi turudi kwenye zabuni, maana vita hii inashindwa kabla boksi la kwanza halijashushwa bandarini. Katika hati nyingi nilizosoma, ukurasa wa otomatiki unasema tu "mfumo wa kisasa, kamili, unaofanya kazi". Sentensi hiyo haimfungi mtu yeyote. Andikeni kwamba kontrola zote zizungumze itifaki ya wazi, BACnet au nyingine iliyo kiwango, na mtengenezaji alete hati rasmi inayoonyesha kifaa chake kinaweza nini na hakiwezi nini ndani ya itifaki hiyo. Kuna kontrola zinazobandikwa jina la BACnet na ndani yake nusu ya vitu vimefichwa. Andikeni kwamba nywila ya ngazi ya juu kabisa ni mali ya mwenye jengo, inakabidhiwa kwa maandishi na kubadilishwa mbele yake. Nakala ya programu zote ikabidhiwe, ile inayoweza kufunguliwa na kuhaririwa, si picha yake. Leseni isimfunge mmiliki kwa mkandarasi mmoja, na hilo liulizwe mapema, kwa sababu kuna mifumo ambayo vifaa vyake ni vya wazi lakini leseni yake inakubali kompyuta za muuzaji mmoja tu. Orodha ya pointi, yaani kila kinachopimwa na kinachopewa amri, iwepo, kila kihisi kikiwa na jina linaloeleweka na mahali kilipo. Na mafunzo yatolewe kwa Kiswahili, kwa mafundi watakaobaki pale, mwanzo na tena baada ya miezi sita, kwa sababu maswali ya kweli huja baada ya mtu kukesha na mtambo.

Sehemu ya malipo, hata asilimia 10, izuiliwe hadi jengo lipitie kiangazi na masika. Mkandarasi mzuri hataogopa sharti hilo. Mfumo uliojaribiwa mwezi wa saba, upepo wa kusi ukiwa unapuliza na hali ya hewa Dar ikiwa tulivu, haujajaribiwa.

Najua kuna anayejiuliza kama uwazi huu hautaleta wezi. Swali hilo ni la haki. Mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi za malipo takriban milioni 40, na wezi waliingia kwa kutumia akaunti ya mtandaoni iliyoibwa kwa mkandarasi wa viyoyozi. Akaunti ile ilikuwa ya ankara na mikataba, haikuwa ya kuendesha viyoyozi, lakini iliwatosha kupata mlango. BACnet ya asili nayo iliundwa kwa imani kwamba walioko mtandaoni wanaaminiana, na ndiyo maana kuna toleo jipya la usalama linalosimba mawasiliano. Lakini usalama haujengwi kwa kumficha mmiliki. Unajengwa kwa kuutenga mtandao wa mitambo na mtandao wa ofisi, kutoiweka kontrola wazi kwenye intaneti, kumpa kila fundi akaunti yake, na kuifuta siku anapoondoka. Mambo hayo hayawezekani kabisa ikiwa nywila ni moja, anaijua mkandarasi peke yake, na imebaki ileile ya kiwandani.

Sasa nizungumze na vijana kuhusu ajira, maana najua wengi mmekuja kwa hilo, na ni haki yenu. Ghuba iko karibu nasi. Dubai ilianzisha kampuni ya Etihad ESCO mwaka 2013 ikiwa na lengo la kuyakarabati majengo 30,000 kufikia 2030 ili yatumie nishati kidogo. Vijana wetu wako huko, Dubai, Doha na Muscat, wengine wakiwa walinzi na wahudumu katika majengo yaleyale ambayo vyumba vyake vya mitambo vinatafuta watu wa kusoma kumbukumbu za chila. Umbali kati ya kazi hizo mbili ndani ya jengo ni ghorofa moja kwenda chini. Kwa mshahara ni mbali sana. Cheti cha KNX, au cha Niagara, ile programu ya Tridium ya kuunganisha mifumo ya majengo, kinasaidia, na waajiri wanakiuliza. Lakini cheti hakimfundishi mtu kusikia pampu inayovuta hewa. Fundi AC wa Kariakoo anayejua friji kwa mkono wake, akiongezewa mtandao na programu, atampita mhandisi aliyesomea skrini peke yake. Ninaamini hivyo kwa sababu nimewaona wote wawili wakiwa mbele ya chila iliyogoma, saa 8 usiku.

Walimu wangu, hapa nina ombi. Katika vyuo vyetu umeme uko idara moja, friji na viyoyozi idara nyingine, kompyuta jengo jingine kabisa. Kazi hii iko katikati ya hizo tatu, na mwanafunzi anahitimu akiwa ameona theluthi moja. Karakana ya kuanzia si ghali: kontrola chache, feni moja, kifaa cha kubadili kasi, vihisi viwili vitatu, na kompyuta ya kawaida. Programu za kuchungulia mtandao wa BACnet zipo za bure, na mojawapo inaitwa YABE. Mwanafunzi aiombe kontrola ijitambulishe, asome joto la chumba anachokaa, abadili kiwango, aone feni inavyoitikia. Hilo linawezekana ndani ya muhula mmoja, na jengo la chuo lenyewe liwe kitabu cha muhula unaofuata.

Nimekuja na kontrola mbili za watengenezaji tofauti, zimeunganishwa kwa waya mmoja, ziko kwenye meza ile ya nyuma, na kompyuta imeshawashwa. Wanaotaka kuzijaribu wasogee huko kwa zamu. Orodha ya vifungu vya zabuni nimeiacha kwa mwenyekiti, mtu yeyote aichukue na aitumie anavyotaka. Mafundi waliokuja na matatizo ya majengo yao, leteni picha za paneli mlizonazo kwenye simu, tuanze na hizo.